Swichi ya Wi-Fi kwenye hita ya maji: dalili, sababu na pa kuanzia

Baridi ya Juni ikishaingia Arusha, simu ninazopigiwa zinaanza kufanana. "Fundi, ile swichi yako imekufa." Naenda, nafungua programu kwenye simu ya mwenye nyumba, nakuta swichi ni nzima kabisa. Kilichokufa ni kingine: saa, themostati (kidhibiti joto cha hita), bando, au skrubu iliyokazwa nusu. Swichi ya Wi-Fi, ile inayowasha na kuzima hita kwa simu au kwa ratiba, inaona umeme tu. Maji haiyaoni. Haijui kama yapo, kama yameshapata moto, wala nani kaacha bomba linadondoka.

Maelezo haya ni ya hita za tanki, zile za lita 30 hadi 100 zinazoning'inia ukutani au kufichwa juu ya dari, zenye elementi (koili ya ndani inayochemsha maji) ya wati 1,500 hadi 3,000. Kama unatumia shawa ya umeme inayochemsha maji yakiwa yanapita, haya hayakuhusu. Ile haina tanki la kutunza joto, kwa hiyo kuiwekea ratiba ni bure, na ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24. Swichi nyingi za dukani ni za ampea 10 au 16. Usithubutu.

Kwanza, namba tatu

Soma kibandiko cha hita: lita ngapi, wati ngapi. Kisha washa hita ikiwa na maji ya baridi, uangalie programu inaonyesha wati ngapi. Kama swichi yako haipimi wati, utakuwa unapapasa gizani. Ukinunua nyingine, ongeza hela kidogo uchukue inayopima.

Kupandisha lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 kunakula wati-saa 1.16. Lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 ni uniti 2.3 (uniti moja ni wati-saa 1,000). Elementi ya wati 1,500 itatumia saa moja na dakika 33, ya wati 2,000 saa moja na dakika 10. Iandike hesabu ya hita yako mahali, tutairudia.

Dalili: ratiba ipo, asubuhi maji ni ya baridi

Hili ndilo linaloongoza. Fuata mpangilio huu.

Anza na swichi ya ukutani, ile ya zamani yenye taa nyekundu. Nyumba nyingi zina mtu aliyezoea kuizima kila akitoka bafuni: bibi, dada wa kazi, au wewe mwenyewe. Kama swichi ya Wi-Fi imefungwa baada ya ile ya ukutani, programu itasema kifaa hakipatikani. Kama imefungwa kabla, programu itasema imewaka lakini wati ni sifuri. Kipande cha plasta chenye maneno "USIZIME" kimeniokolea safari nyingi.

Pili, siku. Programu nyingi zina vitufe saba vya siku chini ya muda. Usipochagua hata kimoja, ratiba inafanya kazi mara moja tu kisha inalala. Jana maji yalikuwa ya moto, leo baridi, na hakuna aliyegusa kitu: ni hii.

Tatu ni saa, na hapa Waswahili tuna shida yetu wenyewe. Fungua historia ya kifaa uone hita iliwaka lini hasa. Tuseme ulitaka saa 11 alfajiri. Ukikuta imewaka saa 5 asubuhi, umeandika 11:00 badala ya 05:00. Simu haihesabu saa kama sisi. Ukikuta imewaka saa 6 usiku wa manane, kifaa bado kinatumia saa za China, zilizo mbele yetu kwa saa 5. Ikiwa imewaka saa 2 asubuhi, kinatumia saa ya dunia ya UTC, tunayoitangulia kwa saa 3. Hizo mbili za mwisho zinarekebishwa kwenye mpangilio wa akaunti, mahali pa ukanda wa saa: chagua Dar es Salaam au Nairobi, kisha futa ratiba zote uziandike upya, kwa sababu zile za zamani mara nyingi hubaki na saa yake ya zamani. Ratiba ya jioni ina mtego wake pia. Saa 12 jioni ni 18:00. Ukiandika 12:00 utapata maji ya moto saa 6 mchana, nyumbani hakuna mtu.

Nne, umeme ulikatika usiku. Swichi hizi nyingi hazina betri ndani. Umeme ukirudi, kifaa kinauliza intaneti saa ngapi, na kama ruta haina bando, hakijibiwi. Kifaa kisichojua saa hakiwezi kufuata ratiba. Ndiyo maana unakuta bando likiisha peke yake ratiba inaendelea vizuri, umeme ukikatika peke yake vilevile, lakini vikikutana vyote viwili mnaoga baridi. Betri ndogo ya kushikilia ruta haisaidii hapa kama bando lenyewe halipo.

Tano, muda hautoshi. Umeweka dakika 45 wakati hesabu yako inasema 93. Julai maji ya bomba huku kwetu ni ya baridi kuliko Februari. Ongeza dakika 15 kabla ya kulaumu kitu.

Dalili: programu inasema kifaa hakipatikani

Tazama taa ya kifaa chenyewe. Haiwaki kabisa? Ni umeme: breka, swichi ya ukutani, au LUKU imeisha. Inapepesa? Imepoteza Wi-Fi. Karibu kila mara ni nywila ya ruta iliyobadilishwa, au ruta mpya yenye jina jipya. Swichi nyingi za aina hii zinashika Wi-Fi ya 2.4 GHz tu, ile ya 5 GHz haziioni. Kama ruta yako imeunganisha zote mbili kwa jina moja na kifaa kinagoma kujiunga, zitenganishe.

Kama inapatikana na kupotea, fikiria mahali ilipo. Kifaa kilichofichwa nyuma ya tanki la chuma, juu ya dari, upande wa pili wa ukuta wa bafu, kinasikia ruta kwa tabu. Kukisogeza mita moja kutoka kwenye tanki kunatosha mara nyingi. Kazi hiyo ni ya fundi, maana waya unasogea nacho.

Dalili: swichi imewaka, wati ni sifuri

Usikimbilie bisibisi. Fungua bomba la moto kwanza. Kama maji ni ya moto, hakuna tatizo: themostati imekata kwa sababu kazi imekwisha. Yaache yatiririke dakika tatu, maji ya baridi yaingie, wati zitapanda.

Maji ni ya baridi na wati bado sifuri? Sababu kwa mpangilio wa ninavyozikuta: swichi ya ukutani imezimwa, kikata-joto cha usalama kimejikata, elementi imekatika, waya umechomoka au kuungua kwenye kiungio.

Kikata-joto ni kitufe kidogo chini ya kifuniko cha hita, mara nyingi chekundu. Kinakata maji yakizidi joto lililokusudiwa, na hakirudi chenyewe. Kukibonyeza ni kazi ya sekunde moja, lakini mpaka breka ya hita izimwe kwanza, kwa sababu jirani yake kuna viungio vyenye umeme wa volti 230. Kuzima kwenye simu hakutoshi. Kikikata tena ndani ya wiki, acha kukibonyeza. Themostati haikati, na kitufe hicho ndicho kizuizi cha mwisho kinachofanya kazi.

Elementi iliyokatika mara nyingi imeunguzwa na kuwashwa bila maji. Mgao wa maji ukija na tanki likawa limenyonywa kupitia bomba la chini, ratiba haijui. Saa 11 alfajiri inawasha kama kawaida. Siku za mgao, zima ratiba. Maji yakirudi, fungua bomba la moto mpaka yatoke mfululizo bila kukohoa hewa, ndipo uwashe.

Dalili: LUKU inaisha haraka kuliko mwanzo

Hapa niseme ukweli ambao wauzaji hawausemi. Lita 50 za maji ya moto kila siku ni uniti 2.3, mara siku 30 ni uniti 70. Kama uko kundi la D1, lile la bei nafuu kwa watumiaji wadogo wa umeme, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hita peke yake inakaribia kulimaliza, na hakuna swichi itakayokubakiza humo huku mnamaliza tanki zima kila siku. Swichi haipunguzi maji mnayojimwagia. Inachookoa ni joto linalovuja kupitia ukuta wa tanki wakati hakuna anayeoga, na kwa tanki la lita 50 lililoachwa linawaka mchana na usiku, joto hilo huweza kufika uniti moja kwa siku. Ni fedha, lakini si nusu ya bili.

Sasa sababu. Ya kwanza ni madirisha mengi ya ratiba. Mtu anaweka alfajiri, saa 4, saa 7, jioni na usiku "ili yawepo tu". Hiyo ni hita isiyozimwa, imebadilishwa jina. Weka mawili, kila moja likiisha dakika ambayo mtu wa kwanza anaingia bafuni.

Ya pili ni mpangilio wa kifaa umeme ukirudi. Kuna chaguo tatu: kiwake, kizime, au kirudi kilivyokuwa. Ukiacha "kiwake", umeme ukikatika saa 3 asubuhi na kurudi saa 4, hita inawaka na hakuna amri ya kuizima mpaka dirisha la jioni lipite. Chagua "kizime".

Ya tatu ni bomba la moto linalodondoka. Tazama grafu ya wati ya usiku: themostati inapaswa kuwasha hita kwa muda mfupi mara chache. Kipimo changu ni hiki. Jaza tanki joto saa 4 usiku, zima kwenye simu, asitumie mtu. Baada ya saa 8 washa, uhesabu dakika mpaka wati zirudi sifuri. Kwa lita 50 na wati 1,500, dakika 10 hadi 15 ni kawaida. Ukipata 40, joto linaenda mahali: bomba linadondoka, gamba la kuzuia joto limelowa, au bomba refu la moto limepita wazi juu ya dari.

Ya nne ni kirekebisho cha joto kilichozungushwa hadi mwisho, nyuzi 75. Rudisha 60. Kushusha mpaka 40 ili kuokoa zaidi sikushauri, kwa sababu kati ya nyuzi 20 na 45 bakteria wa legionela wanazaliana ndani ya tanki. Anayeishi peke yake anaweza kuwasha dakika 40 tu, uniti moja, na kupata tanki zima la nyuzi 37, akaoga vizuri. Lakini walau mara moja kwa wiki aache lifike 60. Na kwenye 60 watoto wasiachiwe bomba la moto wenyewe, ngozi yao inaungua kwa sekunde chache.

Dalili: yanachelewa kupata moto, au yanaisha upesi

Angalia volti kwenye programu kabla ya kulaumu elementi. Nguvu ya elementi inafuata volti mara volti. Ile ya wati 1,500 kwenye volti 230 inabaki wati 1,020 volti zikishuka hadi 190, na dakika zako 93 zinakuwa 136. Mitaa mingi jioni, majiko na pasi vikiwaka, ndivyo ilivyo. Suluhisho rahisi ni kulihamishia dirisha la jioni saa 9 alasiri. Volti zikikaa chini ya 200 kila siku, toa taarifa kwa shirika la umeme. Kama rilei ya swichi (kiwashio chake cha ndani) inalia tatatata, zima, inajichoma.

Volti ni nzuri lakini wati ni nusu ya kibandiko? Hita yako ina elementi mbili na moja imekufa. Hata wati na volti zikiwa sawa, ukoko nao ukague. Angalia ndani ya birika lako. Kama lina ukoko mweupe, elementi ya hita nayo imevaa ukoko uleule, mnene zaidi, hasa kwa wenye maji ya kisima. Kusafisha tanki na kubadili fimbo ya magnesi inayolinda tanki lisiliwe na kutu ni kazi ya fundi, na ifanywe kabla tanki halijaanza kutoboka.

Kuisha upesi ni hesabu. Lita 50 za nyuzi 60 ukizichanganya na za baridi hazizidi ndoo tano za lita 20 za maji ya kuogea. Kwa uhalisia nne. Kijana mmoja chini ya shawa kwa dakika kumi anazimaliza zote.

Dalili: sola ipo juu ya paa, lakini umeme unaliwa

Elementi ya akiba ya sola kwa kawaida inafuata themostati peke yake. Mnaoga alfajiri, maji ya baridi yanaingia, elementi inawaka saa 1 asubuhi na kuchemsha maji ambayo jua lingeyachemsha bure kufikia saa 8. Iwekee swichi, iruhusu kuwaka kuanzia saa 11 na nusu jioni tu, na kama kuna kihisi joto, iwe kwa sharti kwamba maji yako chini ya nyuzi 45. Grafu ya joto ikikaa nyuzi 24 siku nzima huku bomba linatoa maji ya kuunguza, kihisi kimechomoka kwenye tundu lake na kinapima hewa ya dari.

Dalili: swichi inanuka au inachemka

Zima kwenye breka. Sasa hivi, kisha uendelee kusoma.

Nyumba moja huko Sakina, hapa Arusha, walinipigia kwa sababu "bafu linanuka kama samaki". Nilifungua swichi: plastiki upande mmoja imegeuka rangi ya chai iliyoungua, ganda la waya limekakamaa na kupasuka, na skrubu ya laivu (waya unaoleta umeme) niliizungusha kwa kidole. Hita ilikuwa ya wati 3,000, ampea 13, na swichi imeandikwa 10 nyuma. Ilikuwa imefanya kazi miezi minne.

Sababu karibu zote ni hizo mbili: skrubu iliyolegea, na ampea zisizotosha. Gawanya wati kwa 230, upate ampea, kisha chukua swichi yenye uwezo wa mara moja na nusu ya jibu hilo au zaidi. Kwa hita ya wati 3,000 mimi natumia kontakta, yaani swichi kubwa ya sumaku inayobeba umeme mzito, swichi ya Wi-Fi ikaamrisha kontakta tu. Plagi za Wi-Fi za kuchomeka kwenye soketi sizifungi kwenye hita kabisa, hata zikiandikwa 16.

Dalili: simu inasema imezimwa, hita inaendelea

Programu ikionyesha imezimwa na wati bado 1,480, rilei imeganda. Zima breka, swichi hiyo haitengenezwi, inatupwa. Yapo pia makosa ya kufunga: swichi imekata nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laivu. Hapo hita haichemshi, lakini elementi bado ina umeme, na yeyote atakayefungua kifuniko akiamini simu yake ataupata.

Wati zikikaa palepale kwa muda mara mbili ya hesabu yako bila kushuka, na hakuna anayetumia maji, themostati imeganda. Zima. Usifungue bomba la moto kwa haraka, yanaweza kutoka mvuke.

Usichanganye hilo na matone ya valvu ya usalama. Maji yakipanda kutoka 20 hadi 60 yanatanuka, na tanki la lita 50 hutoa chini kidogo ya lita moja kupitia valvu hiyo. Ni kawaida. Nimekuta valvu zilizozibwa kwa skrubu na gundi "ili lisichafue ukuta". Tanki la namna hiyo, themostati ikiganda, linapasuka kama bomu. Weka mpira mdogo uelekeze matone kwenye shimo la maji.

Dalili: breka inajikata, au maji yanapiga shoti

Hapa hakuna la kujaribu mwenyewe. Breka yenye kitufe cha T ikijikata kila hita inapowaka, elementi imepasuka na umeme unavuja kwenye maji. Breka inayokataa kushika usiilazimishe, na usikubali fundi "airuke". Kama umehisi hata mtekenyo mdogo kwenye bomba, watoe watu bafuni, zima mein swichi, asioge mtu mpaka elementi na ethi (waya wa ardhini) vipimwe. Nyumba isiyo na waya wa ethi haifai kuwa na hita, yenye Wi-Fi au isiyo nayo.

Ukimpigia fundi, mtumie kwanza picha tatu: kibandiko cha hita, grafu ya wati ya saa 24, na swichi ilivyofungwa ikiwa na kifuniko chake. Kwa hizo atajua aje na elementi au themostati, na hutalipa nauli mara mbili.